Mfupa ulioonekana baada ya miezi mitano: jinsi ya kudai hospitali inapokosa kuliona jeraha

Aprili 1977, huko Uingereza, mvulana wa miaka 13 alikuwa akichezea kamba iliyofungwa mtini wakati wa mapumziko ya mchana shuleni. Kamba ikamponyoka, akaanguka futi kama 12. Hospitali ikamwangalia, ikamrudisha nyumbani. Siku tano alikaa na maumivu makali. Aliporudishwa ndipo picha ikaonyesha kwamba nyonga yake ya kushoto imevunjika. Baadaye sehemu ya mfupa ule ikafa kwa kukosa damu, akabaki na ulemavu.

Mamlaka ya afya ya East Berkshire haikubisha. Ilikiri mahakamani kwamba watumishi wake walizembea. Pamoja na kukiri huko, kesi ilipofika Baraza la Malordi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, uamuzi wa mwaka 1987 ulimwacha kijana yule na pauni 150 tu, fidia ya siku tano za maumivu. Kwa nyonga yenyewe hakupata hata senti.

Naanza na kesi hiyo kwa sababu karibu kila mtu anayeniuliza habari za kuishtaki hospitali huanzia kwenye kosa. "Daktari alikosea, ushahidi ninao." Sawa, alikosea. Ila mahakama inauliza swali jingine, gumu zaidi: kosa hilo lilikupunguzia nini? Kinacholipwa ni tofauti kati ya mkono ambao ungekuwa nao na mkono ulio nao leo. Usipoweza kuionyesha tofauti hiyo, utashinda hoja ya uzembe na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa yule mvulana, wataalamu walieleza kwamba hata angetibiwa siku ileile alipoanguka, uwezekano wa mfupa kufa ulikuwa asilimia 75. Jaji wa kwanza aliona haki ni kumpa robo ya fidia, kwa kuwa robo ya nafasi ya kupona ndiyo aliyonyang'anywa: pauni 11,500 kati ya 46,000. Malordi wakakataa. Katika kesi ya madai, jambo likizidi nusu ya mizania huhesabiwa kuwa lilitokea. Likiwa chini ya nusu, huhesabiwa halikutokea. Asilimia 75 ni zaidi ya nusu, kwa hiyo kisheria nyonga ilikuwa imekwisha kuharibika pale chini ya mti, kabla hata hajafika hospitali.

Hayo yanatuhusu vipi sisi wa Tanzania Bara? (Zanzibar ina sheria zake na mahakama zake, siigusi hapa.) Hatuna sheria moja iliyoandikwa kwa ajili ya fidia za uzembe wa kitabibu. Tunategemea kanuni za sheria ya madhara, yaani madai ya fidia dhidi ya aliyekuumiza kwa kosa lake, zilizotoka Uingereza, ambazo Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inazipokea kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za Waingereza za baada ya tarehe hiyo hazizifungi mahakama zetu, lakini mawakili wanazisoma na majaji wanazisikiliza. Wakili wa upande wa pili akiwa mjanja, hoja ya yule mvulana na mti wake utaisikia.

Kifundo cha mkono cha dereva wa bodaboda

Tuchukue mfano wa kubuni. Dereva wa bodaboda, Dar es Salaam, anateleza kwenye lami yenye mchanga tarehe 6 Machi 2023. Anaangukia kiganja cha kulia, mkono ukiwa umenyooka. Kwenye hospitali ya umma tabibu anamwandikia eksirei, anaitazama picha, hakuna kinachoonekana. "Umeteguka tu." Anapewa diklofenaki na bandeji laini. Baada ya wiki mbili anarudi, maumivu yapo, anaongezewa dawa. Agosti hawezi tena kukaza mkono kwenye eksileta. Anakwenda kwa daktari wa mifupa, anapigwa picha nyingine, na hapo mvunjiko unaonekana: mfupa mdogo wa kifundo unaoitwa skafoidi, vipande viwili vilivyokataa kuungana.

Mfupa huu ndio unaovunjika mara nyingi kuliko mifupa mingine yote midogo ya kifundo cha mkono, na una tabia mbili mbaya. Ya kwanza, mvunjiko wake waweza usionekane kabisa kwenye picha ya siku ya kwanza. Ya pili, damu yake kwa sehemu kubwa inaingilia upande wa vidoleni na kurudi nyuma kuelekea kiwiko, kwa hiyo ukivunjika katikati, kipande cha nyuma chaweza kukatiwa damu na kufa polepole.

Kwa hiyo mtu akikuambia kosa la tabibu ni kutouona mvunjiko kwenye picha ya Machi, huenda amekosea, na kesi ikijengwa juu ya hoja hiyo itaanguka. Daktari wa hospitali atasimama na picha mkononi aseme, kwa kweli kabisa: "Mheshimiwa Jaji, hata mimi leo siuoni." Kosa liko kwingine. Mtu akiangukia kiganja, unamkunjulia kidole gumba na kubonyeza kile kishimo kinachojitokeza chini yake, upande wa mgongo wa mkono. Akiruka kwa maumivu, utaratibu unaofundishwa ni kumtibu kama aliyevunjika hata kama picha ni safi: afungwe mkono usicheze, kisha apigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Je, faili linaonyesha kwamba kishimo kilibonyezwa? Alifungwa? Aliambiwa arudi lini, na aliporudi alipigwa picha ya pili?

Hiyo ziara ya wiki mbili ndiyo moyo wa kesi yote. Siku ile picha ya pili ingeweza kuuonyesha mvunjiko, na mfupa bado ungekuwa na nafasi nzuri ya kuunga kwa hogo (plasta ngumu) peke yake. Badala yake aliongezewa vidonge. Tofauti yetu imeanza kupata sura: upande mmoja hogo la wiki kadhaa, upande mwingine upasuaji, kipande cha mfupa cha kupandikizwa, skrubu, na kifundo ambacho huenda kisirudi kama zamani. Sasa geuza mfano: aliambiwa arudi baada ya siku 14, hakurudi, akaja Agosti. Ni mkono uleule na ulemavu uleule, lakini madai yamekwisha kulegea.

Kipimo cha uzembe nacho kina kesi yake maarufu, ya mwaka 1957, iitwayo Bolam. Daktari hahukumiwi kwa kulinganishwa na bingwa wa dunia. Anapimwa kwa daktari wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi ile, na kama kundi la madaktari wenye kuheshimika wangefanya kama yeye, amepona. Mwaka 1997 Malordi waliongeza jambo katika kesi ya Bolitho: maoni ya hao wenzake lazima yawe na mantiki, haitoshi kusema "sote tunafanya hivyo". Kwetu hoja inayoibuka haraka ni ya mazingira: wagonjwa mia kwenye foleni, mtaalamu wa radiolojia hayupo, mashine mbovu. Ina uzito wake. MRI huwezi kuidai kwenye kituo cha afya cha kata. Ila kubonyeza kishimo cha kidole gumba hakuhitaji mashine, na kuandika "arudi baada ya siku 14" kunahitaji kalamu tu.

Makaratasi

Kesi za namna hii hushindwa makaratasini kabla ya kufika kwa jaji. Cha kwanza ni faili. Andika barua kwa Mganga Mfawidhi, taja jina, namba ya faili na tarehe za kuhudhuria, omba nakala ya kumbukumbu zote pamoja na picha zenyewe, si majibu yake tu. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa mapokezi ubaki nayo. Ukizungushwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuzifikia taarifa zako, na kuna Tume inayosimamia sheria hiyo. Usiende ukifoka. Barua ya upole yenye mhuri hufanya kazi kubwa kuliko kelele za dirishani, na haimpi mtu sababu ya kulipeleka faili mahali lisikopatikana.

Kama picha ya eksirei ulikabidhiwa wewe, isikunjwe wala isilale chini ya godoro kwenye joto. Nimeona picha iliyokuwa ushahidi mkuu wa familia ikitolewa imeshikamana na mfuko wa nailoni.

Karatasi ambayo wengi huisahau ni PF3. Aliyepata ajali barabarani hupewa fomu hiyo polisi na daktari akaijaza, na alichokiandika siku ile kuhusu jeraha ni kumbukumbu iliyokaa nje ya hospitali, mahali ambapo hakuna mtu wa hospitali wa kuirekebisha baadaye. Ikiwa PF3 inasema "maumivu makali kifundo cha kulia, amevimba" na faili linasema "mkono hauna tatizo", una jambo la kuuliza.

Risiti nazo. Fidia maalumu, yaani fedha ulizotoa mfukoni na mapato uliyopoteza, ni lazima itajwe waziwazi kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu, shilingi kwa shilingi. Fidia ya jumla, ya maumivu na maisha yaliyopungua raha, jaji huipima mwenyewe. Dereva wetu hana hati ya mshahara. Anao mkataba wa bodaboda na tajiri wake, daftari la hesabu ya kila siku, miamala ya simu. Hivyo vyote ni ushahidi, alimradi vikusanywe kabla simu haijaibiwa.

Kisha kuna suala ambalo hatupendi kulitaja. Kati ya Machi na Agosti, mkono ule ulikandwa kwa maji ya moto na shangazi, ukapelekwa kwa mwunga mifupa, ukavutwa. Ndivyo tulivyo, na mtu aliyeambiwa "umeteguka tu" ana kila sababu ya kwenda kukandwa. Hospitali itasema mwunga mifupa ndiye aliyeharibu. Usifiche. Mwambie wakili wako mapema, ili mtaalamu aulizwe kitaalamu kama kukanda kungeweza kuleta hali ile, na ili ielezwe kwamba mgonjwa alikwenda huko kwa sababu hospitali ilishamwambia hajavunjika. Jambo hilo likifichuliwa na upande wa pili, jaji ataanza kulitilia shaka kila neno lako.

Nani atasema?

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni shahidi mtaalamu. Jaji si daktari. Lazima aje bingwa wa mifupa aseme mambo mawili: kwamba tabibu wa kawaida mwenye uangalifu angefanya vingine, na kwamba angefanya vingine, kuna zaidi ya nusu ya uwezekano mkono ungepona. Sentensi ya pili ndiyo iliyomponza yule mvulana. Lakini mabingwa wetu ni wachache, wengi wamepita vyuo vilevile vichache, Muhimbili, Bugando, KCMC, na wanapelekeana wagonjwa kila wiki. Kumwomba mmoja apande kizimbani dhidi ya mwenzake ni kumwomba jambo zito. Wengine hukubali kuandika ripoti ya hali yako ya sasa bila kumlaumu mtu. Ichukue hata hiyo. Ripoti inayosema "mvunjiko wa zamani wa skafoidi ambao haukuunga, unaolingana na ajali ya miezi mitano iliyopita" imeshajenga nusu ya daraja.

Kuna kesi ambazo jambo lenyewe linajisemea. Novemba 2007 kwenye Taasisi ya Mifupa MOI wagonjwa wawili walibadilishwa: aliyetakiwa kupasuliwa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Hapo huhitaji profesa akueleze kwamba kuna kasoro. Jeraha lisiloonekana si la namna hiyo. Karibu siku zote lina maelezo ya kuaminika upande wa pili.

Unamshtaki nani? Tabibu aliyekuhudumia anaweza kuunganishwa, lakini mwajiri hubeba makosa ya mtumishi wake akiwa kazini, na mwajiri ndiye mwenye uwezo wa kulipa. Hospitali binafsi inashtakiwa kama kampuni au taasisi nyingine yoyote. Hospitali ya umma ni safari ya namna yake. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka kwanza utoe notisi ya siku zisizopungua 90 kwa mamlaka husika, ueleze msingi wa madai yako, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huo unazigusa pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri. Usipomuunganisha, shauri linakufa. Linafunguliwa Mahakama Kuu. Ukishinda, dalali wa mahakama hawezi kwenda kukamata gari la wagonjwa, kwa sababu mali ya Serikali haikamatwi, kwa hiyo malipo yanafuata njia yake ya kiofisi na unasubiri.

Mahakamani mtapelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Wengi wanaudharau. Mimi nauona ndiyo mahali pazuri pa kumalizia kesi ya ukubwa wa kati: hospitali haipendi magazeti, na wewe huna miaka minne ya kupoteza. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, jambo jema, ingawa faili la hospitali utalikuta kwa Kiingereza cha vifupisho ambacho hata daktari mwenzake hulisoma kwa kukisia.

Njia nyingine ni malalamiko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo chini ya sheria ya mwaka 2017 linasimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Baraza linaweza kumwita mhusika, kumwonya, kumsimamisha, hata kumfuta kwenye rejista. Haliwezi kukulipa. Watu wengi hupeleka malalamiko huko, wakangoja majibu wakidhani ndiyo kesi yenyewe, na huku muda wa kwenda mahakamani unayoyoma. Yapeleke kama unataka mhusika awajibishwe; kalenda ya mahakama iendelee upande wake.

Kabla ya yote hayo, tazama kama jeraha lina mlipaji mwingine. Ukiumia kazini ukiwa umeajiriwa, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, haukuulizi nani alikosea. Kama uligongwa, kuna bima ya gari lililokugonga, na hapo pana mtego: kampuni ya bima hukuletea hati ya kumaliza madai uisaini upewe hela ya "kuteguka". Ukisaini Aprili, mfupa ukionekana Agosti, hati ile itakurudia usoni. Usisaini chochote cha mwisho wakati mwili bado unauma bila maelezo. Asiye na uwezo wa wakili aulize Chama cha Mawakili Tanganyika au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitungwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Kalenda

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai ya namna hii. Kwa mtoto, saa haianzi kutembea mpaka afikie utu uzima. Ulaghai au kufichwa ukweli kunaweza kuisogeza siku ya kuanzia, lakini kutojua tu kwamba umevunjika ni hoja hatari kuitegemea. Wakili mwangalifu huhesabu kuanzia siku ya huduma mbovu, si siku ulipogundua. Mwanya uliopo ni mdogo na wengi hawaujui: Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, anaweza kuongeza muda wa kufungua shauri kwa kisichozidi nusu ya ule uliowekwa, yaani miezi 18 hapa. Unamwandikia yeye. Si jaji anayeutoa.

Kwa dereva wetu hesabu ni hii. Alihudumiwa tarehe 6 Machi 2023, na ziara ya pili ilikuwa tarehe 20 Machi. Tuhesabu kwa ya kwanza ili tusicheze na moto: shauri lifunguliwe kabla ya tarehe 6 Machi 2026. Rudisha nyuma siku 90 za notisi, unafika tarehe 6 Desemba 2025. Acha nafasi ya barua kupotea masjala, na notisi inatakiwa iwe imepokewa na kugongwa mhuri ifikapo mwisho wa Novemba 2025. Ripoti ya bingwa iwe mkononi kabla ya hapo, na nakala za faili ziwe zimetoka kabla ya ripoti, kwa kuwa bingwa hataandika bila kuziona. Aliyegundua Agosti 2023 alidhani ana muda mpaka Agosti 2026.